Masazo ya Hariri ya Mingarda

Mfumaji wa hariri wa kwetu Lucca utamjua kwa magoti, si kwa mikono. Mikono yake ni laini kama ya kasisi, kwa sababu hariri haivumilii ngozi yenye mikwaruzo: kidole kikiparuza kidogo tu uzi unanasa, na uzi ukinasa mwenye uzi anakuja juu. Magoti ndiyo yanayoumia. Mingarda alikanyaga vikanyagio vya mtambo wa kufumia miaka thelathini na mmoja, na alipopanda ngazi za kanisa la San Frediano uliyasikia magoti yake kabla ya kengele.

"Padri ameniomba niwe nawahi misa," alikuwa akisema. "Nikichelewa waumini wanageuka, wanadhani mlango haujatiwa mafuta."

Alikuwa mjane. Mumewe alikwenda na tauni ya pili, akamwachia mtambo, deni la mishumaa ya maziko yake mwenyewe, na mtoto wa kike wa miezi minne aitwaye Fiandina. Walikaa chumba kimoja ghorofani, katika uchochoro mwembamba kiasi kwamba mimi, niliyekaa ng'ambo, nilijua siku wanayokula maharage na siku wanayokula harufu ya maharage ya jirani. Mtambo ulijaza chumba chote. Kitanda chao kilibanwa kati yake na ukuta, na ili ufike dirishani ilibidi uiname kama unaungama.

Kwenye mtambo huo Mingarda alifuma vitambaa ambavyo sisi tulivyoishi naye hatukuwahi kuona vikivaliwa. Hariri nzito yenye ndege wawili wanaotazamana, mbwa wa kuwinda waliofungwa minyororo ya dhahabu, na pembezoni mstari wa herufi zilizoigwa za Kiarabu. Wanunuzi wa mbali waliona hariri isiyo na herufi hizo kuwa ni hariri ya uongo. Hazisomeki. Mfanyabiashara mmoja wa Aleppo alipoziona alicheka hadi akaomba maji ya kunywa. Lakini maaskofu walizivaa wakibariki watu, na mabibi wa Paris walizivaa wakibarikiwa, na hakuna aliyedhurika.

Uzi wote ulikuwa wa bwana mwenye kazi. Unapimwa ukitoka, unapimwa ukirudi katika umbo la kitambaa. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa cha mfumaji: masazo. Uzi unapokatika, au bobini, kile kijiti kinachozungushiwa uzi, inapokwisha, kinabaki kipande. Kikiwa kirefu kuliko upana wa kiganja, ni cha bwana. Kikipungua upana wa kiganja, ni chako. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na labda ndiyo sababu ilidumu. Hata mabwana wabahili kabisa, wale wanaoweza kukudai kivuli chao ulichokipumzikia, hawakuigusa.

Wafumaji wengine walijazia masazo yao kwenye mito, au waliwapa watengeneza vifungo. Mingarda hakutoa hata moja. Siku Fiandina alipozaliwa alishona mfuko wa kitani, akautundika kwenye mguu wa mtambo, akaanza kutia. Alikuwa na nia moja, na uchochoro mzima tuliijua kama tunavyojua Baba Yetu: binti yake siku ya kuolewa avae mikono ya hariri.

Mikono tu. Gauni zima la hariri sheria ya mji ilimkataza mke au binti wa fundi, hata kama amelifuma mwenyewe kwa mikono yake. Lakini mikono ya gauni kwetu ni kitu cha peke yake, inafungwa begani kwa kamba na kufunguliwa, na sheria iliruhusu binti wa fundi avae mikono ya hariri, mradi imeletwa ofisi ya mavazi ikapigwa muhuri wa madini ya risasi. Gauni lenyewe lingekuwa la sufi ya kahawia. Mikono ingetosha.

Basi alifunga sazo kwa sazo. Kifundo, kifundo, kifundo. Mtande, nyuzi za urefu, aliweka wa kitani, kwa kuwa kitani aliweza kukinunua, na mshindio, uzi unaopita katikati yake, ukawa ule wa mafundo. Alikuwa na mtambo mdogo wa kuweka mapajani, na kila Jumapili baada ya misa alifuma kadiri masazo ya wiki yalivyotosha, akivisukuma vifundo vyote upande wa ndani. Nje kitambaa kilikuwa laini kama maji. Ndani kilikuwa kama mgongo wa mjusi.

Na rangi! Hakukuwa na mkono wa namna ile Lucca nzima. Matajiri walivaa rangi moja au mbili. Fiandina angevaa kila kitu mama yake alichowahi kufuma. Ungemwuliza Mingarda, naye angekusomea kama padri anavyosoma zaburi.

"Hii nyekundu ni ya askofu wa Avignon. Hii kijani ni ya bibi arusi wa Genova aliyekimbia na mwalimu wa kinanda, kitambaa kikarudishwa. Hii samawati nilikuwa nafuma Fiandina ana surua, ndiyo maana ina sehemu imepinda, usiitazame sana."

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo ya mwaka aliokufa baba yake. Watu wengi walitaka nyeusi mwaka ule. Kazi ilikuwa nzuri."

Fiandina mwenyewe alikua akawa msichana mrefu wa kuzungusha bobini, mwenye hamu kubwa ya chakula na sauti ya kuimba iliyowafanya paka wahame. Alipofika miaka kumi na saba akaposwa na Orsello, mtia rangi. Kijana mpole, mikono yake myekundu hadi kwenye viwiko kwa sababu ya kazi, ukimkuta gizani utadhani ametoka kuchinja. Harusi ikapangwa Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima.

Sasa niseme ninavyoingia, ingawa ningependa kupita mlango wa nyuma.

Nilikuwa karani katika ofisi ya mavazi. Nilisoma Bologna mwaka mmoja na nusu, nikarudi na nusu ya elimu na mdomo mzima. Mkubwa wangu alikuwa Ser Nieri, mwandishi wa hati aliyeapishwa, mzee mwenye kikohozi na haki. Yeye ndiye aliyepiga muhuri. Mimi niliandika majina, nilipanga foleni, na niliwachekesha wanawake wasichoke kusimama. Kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyenipa.

Mihuri ilipigwa mara mbili kwa mwaka: siku nne kabla ya sikukuu ya Msalaba, mwezi wa Septemba, na wiki ya mwisho ya Januari kabla ya kanivali. Septemba ile, siku ya mwisho, Ser Nieri alikuwa amekwenda kula. Foleni ilikuwa hadi nje ya nguzo. Nikasikia magoti, nikainua kichwa.

"Mama Mingarda! Umetuletea nini, mkate mtamu?"

Alikuwa amebeba kitu juu ya mikono yote miwili, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Akakifunua. Ulikuwa mkono wa gauni, wa kulia, umekamilika. Wanawake wa nyuma walisogea, na hata mke wa mwoka mikate, ambaye huwa hasifu kitu kisicho chake, alivuta pumzi.

"Ni wa Fiandina," Mingarda akasema. "Wa kushoto bado uko kwenye mtambo, umebaki kiganja na nusu. Nautimiza karibu na Noeli. Nipigieni huu muhuri, ule nitauleta."

"Mmoja?"

"Mmoja, karani. Mmoja ni ule wa kabla ya wawili. Hukufika hapo Bologna?"

Watu wakacheka. Nami, mtu wa aina yangu akichekwa, lazima kicheko akirudishe.

"Kwani Orsello anaoa nusu?" nikasema. "Ile nusu nyingine anamwachia nani?"

Hapo foleni ikavunjika mbavu. Kuna aliyeegemea nguzo. Vicheko vya wanawake kumi na wawili ni divai, nami sikujua kuacha kikombe.

"Mama, sheria inapiga muhuri nguo. Mkono mmoja si nguo, ni kitambaa cha kufutia pua. Nenda kamalize, mlete mwenzake, tuwapigie wote wawili pamoja kama maharusi."

Hakukuwa na sheria hiyo. Niliitunga pale pale, mdomoni, kati ya kicheko kimoja na kingine.

Mingarda alinitazama kidogo. Kisha akaukunja mkono ule, akaufunika vizuri, pembe kwa pembe.

"Sawa, karani. Januari basi." Akageukia wenzake. "Huyu elimu ameiacha nusu, lakini mikono ya watu anaitaka jozi."

Walicheka zaidi ya walivyonichekea mimi. Nilifurahi hata kwa hilo. Niliona tumetoka sare.

Mkono wa kushoto uliisha siku mbili kabla ya Epifania, mapema Januari. Niliwaona kutoka dirishani kwangu, maana walifungua kwao ili mwanga uingie. Fiandina alikuwa amesimama kwenye kile kijinafasi kati ya kitanda na mtambo, mikono ameinyoosha mbele, na mama yake anafunga kamba begani kwa meno. Jirani yao Tedda, mfumaji mwenzake, mwanamke wa sauti ya mpiga mbiu, alikuwa ameketi juu ya kitanda akitoa hukumu.

"Geuka. Geuka tena. Mungu wangu, anafanana na dirisha la kanisa kuu."

"Mama, ndani inakwaruza," Fiandina akasema.

"Ni vifundo. Nitatia bitana ya kitani."

"Usitie. Ikinikwaruza nitakukumbuka."

"Unikumbuke nini, na unakwenda kukaa mtaa wa pili? Nikipiga chafya utaitika."

"Basi nikija Jumapili unikune."

Tedda alijipiga mapajani kwa kucheka. Dirisha likafungwa kwa sababu ya baridi.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Fiandina alikwenda kwa bwana kuchukua bobini, akarudi zimekauka kwa sababu alizifunika kwa shuka yake, yeye mwenyewe akiwa ameloa hadi mifupani. Kikaanza kikohozi. Kisha kichomi. Mganga alikuja, akamtoa damu, akatoa na maneno ya Kilatini ambayo mimi, nikiyasikia kutoka dirishani, niliyaelewa nusu, na nusu hiyo haikuwa nzuri.

Mtambo haukusimama. Usifikiri mama alikuwa na moyo wa jiwe. Ni mgonjwa aliyeomba.

"Fuma, mama. Ukinyamaza sipati usingizi."

Alizaliwa chini ya kelele ile. Tok-tok, kanyagio, tok-tok. Kwake ukimya ndio uliokuwa kelele. Mingarda akafuma mchana kutwa, mgongo umemwelekea mtoto, kila mara anageuza shingo kutazama. Orsello alikuwa akija baada ya kazi, anasimama mlangoni na mikono yake myekundu nyuma ya mgongo, kwa sababu Fiandina alikuwa amemtania kwamba inamtia homa.

"Rangi imepungua," siku moja alimwambia, akamwonyesha viganja.

"Imepungua kitu gani," Fiandina akamjibu kwa sauti ndogo. "Siku ya harusi utavaa glavu. Mimi mikono yangu ndiyo itakayotazamwa."

Jumanne asubuhi, mwanga umeshatoka, mtambo ulinyamaza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tedda alitoka mlangoni kwake na unga mikononi, akapanda ngazi bila kunawa.

Sheria ya mji haikuwa imesahau wafu. Watu matajiri walikuwa wamezidi, wanazika mali ya nyumba nzima ili majirani waone, na wajane wanabaki wanaombaomba. Kwa hiyo iliamriwa kwamba maiti avae sufi au kitani, na hariri asivae, isipokuwa ile iliyokuwa na muhuri kabla mtu hajafa. Kabla maiti hajainuliwa mwandishi wa ofisi anafika nyumbani kutazama. Kwetu maiti hubebwa kwenye machela ya wazi, uso nje, kwa hiyo huwezi kuficha. Walinzi husimama pia mlangoni mwa kanisa, na wao hawana adabu ya Ser Nieri.

Tulifika Jumatano saa tano. Nilimwambia mkubwa wangu njiani kwamba ninaumwa tumbo. Akaniambia hata yeye, twende.

Walikuwa wamemlaza kwenye machela juu ya benchi mbili, na ili machela ienee walikuwa wamesukuma mtambo hadi dirishani. Gauni la sufi ya kahawia. Nywele zimesukwa. Na mikono miwili, kutoka begani hadi kwenye vifundo vya mikono, rangi zote za miaka kumi na saba. Sijawahi kuona kitu chenye uhai kama kile juu ya mtu asiye nao.

Ser Nieri alivua kofia. Akasali. Kisha akauliza polepole, "Mama Mingarda, muhuri uko wapi?"

"Hakuna."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

"Ilikamilika lini?"

"Huu wa kulia Agosti. Huu wa kushoto wiki mbili hizi."

Mzee akakohoa. Alikuwa anatafuta njia, nilimjua. "Huu wa kulia, basi. Kwa nini hukuuleta wakati wa Msalaba? Ungeleta huu mmoja ningeupiga, na wa pili ungefuata mwenzake hata leo hii, hata mezani kwangu. Nimefanya hivyo mara nyingi." Akanigeukia. "Si kweli, karani?"

Mingarda naye akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Tedda alikuwepo, na mke wa mwoka mikate alikuwepo, na huyu alikuwa ameegemea nguzo Septemba ile akicheka.

"Kweli," nikasema.

Neno hilo moja ndilo lililotoka. Mdomo mzima, na neno moja.

"Kwa nini hukuleta?" Ser Nieri akamwuliza tena.

"Sikuwa nimemaliza," Mingarda akasema.

Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akayaondoa macho yake kwangu kama mtu anayeweka chini kitu kizito ambacho hakina faida kukibeba.

Tedda hakuweza kunyamaza. "Ser Nieri, mwanamume wa haki, nikuulize. Yesu wetu pale kanisa kuu, ile sanamu ya mti, siku ya Msalaba anavaa nini?"

"Tedda..."

"Anavaa hariri na viatu vya fedha! Na baba yake alikuwa nani? Seremala! Fundi kama sisi! Yeye muhuri wake uko wapi?"

Orsello alikuwa ukutani, amefunika uso, na vidole vyake vyekundu vilionekana vibaya sana juu ya paji lake jeupe.

"Nikiiacha," Ser Nieri akasema, "wale wa mlangoni mwa kanisa wataivua mbele ya watu. Mnawajua. Heri tuivue sisi, humu ndani, kwa mikono inayompenda." Alisema hivyo kwa taabu. "Mikono hii ofisi itaichukua. Samahani, mama."

Mingarda alikwenda kwenye machela. Nilidhani atalia, au atajitupa. Alifungua kamba za begani, moja, mbili, akauvuta mkono wa kulia taratibu kama anavyomvua mtoto aliyelala. Kwenye ngozi ya Fiandina kulikuwa na alama ndogondogo nyingi za vifundo. Mingarda akazipitishia kiganja, akazisugua kidogo. Kisha akauvua wa kushoto. Akageuka na mikono ile miwili kifuani.

"Ser Nieri. Nguo ni ya sheria."

"Ndiyo, mama."

"Na nyuzi?"

"Nyuzi gani?"

"Masazo. Uzi uliopungua kiganja. Ni wa nani?"

Mzee alifikiri. "Wa mfumaji. Tangu zamani."

"Sheria inasemaje juu ya masazo juu ya maiti?"

"Haisemi kitu. Sheria inasema nguo." Kisha akaelewa. "Lakini viwe vifupi, mama. Kila kimoja. Vikishikana ni uzi, na uzi si wako."

"Tedda, mkasi."

Tedda hakuleta mkasi mmoja. Alitoa kichwa dirishani akapaza ile sauti ya mpiga mbiu, na kila mfumaji wa uchochoro akasimamisha mtambo wake na kuja na mkasi. Walikaa kwenye ngazi, kitandani, sakafuni chini ya mtambo. Orsello alipewa kazi ya kuchomoa mshindio kutoka kwenye kitani. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kwa kazi ile, lakini alichomoa. Uzi ukatoka umejikunja, mrefu, fundo baada ya fundo.

Mingarda akanijia na mkasi.

"Karani, wewe una macho ya kijana. Kata."

Nikakaa sakafuni. Nikakata. Kila fundo unakata pande mbili, fundo linaanguka, sazo linabaki. Alilifunga fundo lile labda Fiandina akiwa na meno mawili, au siku alipoanguka ngazini, na mimi nalikata kwa sekunde moja. Kazi ya Jumapili za miaka kumi na saba tuliimaliza kabla ya kengele ya alasiri. Nilidhani ingechukua zaidi. Nilitaka ichukue zaidi.

Yeye alikuwa akipita kati yetu akipokea, na kila fungu aliloshika alilisema, si kwa sauti kubwa.

"Ya askofu. Hii ya Genova. Hii surua. Hii njano siikumbuki. Tedda, njano hii ya lini?"

"Ya yule mwenye farasi mwenye kengeza."

"Ndiyo. Ya mwenye farasi."

Alimrudishia binti yake vyote. Hakufunga, hakushona. Alimtandazia juu ya sufi ya kahawia, kutoka begani hadi vidoleni, rangi kwa rangi, kwa mpangilio ule ule alioufuma. Ser Nieri aliinama, akainua kipande kimoja, akakilaza kwenye kiganja chake mwenyewe. Kilipungua. Akakirudisha mahali pake, akaandika kwenye karatasi: sufi, hakuna hariri iliyofumwa.

Tulipotoka nje upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani. Hilo hakuna aliyelifikiria. Hatua ya kwanza tu, nyuzi mbili tatu zikainuka, nyekundu na kijani, zikapita juu ya vichwa vyetu. Wanaume waliobeba wakasimama. Mtu akasema tuifunike, mwingine akasema kwa kitu gani, uso haufunikwi.

Mingarda akasogea ubavuni mwa machela. Akainama, akalaza mikono yake miwili juu ya mikono ya mwanawe, mkono juu ya mkono, kiganja juu ya kiganja.

"Twendeni," akasema.

Na hivyo ndivyo alivyotembea, ameinama, ubavu ubavu kama kaa, kutoka uchochoroni hadi San Frediano, kisha ngazi zote, bila kunyanyua mkono. Walinzi walitupisha. Tuliyasikia magoti yake kabla ya kengele, na mtaani hakuna aliyecheka.

Siku ya tisa mtambo ulianza tena. Kitambaa cha watu kilikuwa kinangoja.

Nilikaa mwezi mzima nikitunga namna ya kumwambia. Mwishoni nilivuka uchochoro bila kutunga. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anafuma ndege wekundu.

"Mama," nikasema, "ile sheria ya jozi. Haikuwepo."

"Najua." Hakusimama. "Nilijua siku ile ile."

"Basi kwa nini hukubisha?"

"Ulikuwa unawachekesha watu vizuri." Tok-tok, kanyagio. "Nami niliona wakati upo."

Uzi ukakatika. Akaunganisha, akakata ncha, na kile kipande kilichobaki akakiachia tu. Ndipo nilipotazama chini. Mfuko wa kitani haukuwepo tena kwenye mguu wa mtambo. Sakafu yote chini ya vikanyagio ilikuwa imejaa masazo, ya mwezi mzima, mengine yamenasa kwenye soksi zake.

Sikujua la kufanya, nikachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango. Nikafagia. Yakawa rundo dogo jekundu.

"Niyaweke wapi, mama?"

"Nje," akasema, na akaendelea kufuma.